Vyumba vya Juu

Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo sijamaliza mwaka kwenye kazi moja. Nimebeba mizigo ya watalii, nimeuza viatu Tarakea, nimepaka makanisa rangi. Kazi ya kengele za moto niliifuata kwa udadisi tu: nilitaka kujua kile kidubwasha cha darini kinajuaje kwamba kuna moshi.

Fundi wangu alinipa uchoraji kwa sababu nina mwandiko mzuri. Jengo hugawanywa kanda, na mchoro wake hutundikwa kando ya paneli, kisanduku chenye taa ya kila kanda, ili taa ya namba mbili ikiwaka mlinzi atazame mchoro ajue pa kukimbilia. Kwenye hosteli moja ya ghorofa, njia ya kupanda mlimani, niliandika: Kanda ya 2, vyumba vya juu.

Kwetu Rombo, juu ni upande wa mlima. Jirani yetu wa juu hakai darini kwetu. Nilimaanisha vyumba vya nyuma, vya chini kabisa, vinavyotazama mlima: stoo na chumba cha pasi.

Mlinzi alikuwa mzee wa Singida aliyezeekea kwenye mashamba ya miwa, kule tambarare. Asubuhi moja king'ora kililia, taa ya pili ikawaka. Akasoma, akapanda ngazi, akagonga mlango mmoja mmoja. Chini, blanketi lilikuwa limeshika moto kwenye meza ya pasi, karibu na mlango, na mama wa kufua yumo ndani. Mzee alipomfikia, mama alikuwa amezimia. Alilazwa siku tatu. Alipona, ila sauti yake mpaka leo inakwaruza.

Tulipoitwa, tulimkuta meneja akimfokea mzee mbele ya paneli.

"Hujui kusoma?"

"Nimesoma, bosi. Imeandikwa juu. Nikaenda juu."

"Babu, hata mbuzi wa hapa wanajua juu ni wapi," mpishi akasema.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Fundi alinitazama mara moja, kisha akainamia begi lake la vifaa. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema, kosa ni langu, nikayameza.

Kesho yake nilirudi na mchoro mpya: Chini, nyuma, chumba cha pasi. Mzee alikuwa getini, sare ameikunja mkononi, anasubiri kuikabidhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni wewe unayeandika ile michoro?"

"Ndiyo."

"Mwandiko wako mzuri. Nausoma bila miwani. Hebu nionyeshe, juu ya huku ni wapi?"

Nikainua kidevu kuelekea mlima. Ulikuwa umefunikwa na mawingu. Akatazama huko, akatazama ngazi za ghorofa, kisha akatazama tena huko.

"Haya. Nimejua."

Mlango wa meneja ulikuwa wazi, hatua chache tu kutoka pale. Niliupita, nikaenda kutundika mchoro.