Nilimmwagia Mume Wangu Chang'aa Ili Aonekane Mlevi

Admin, ficha jina langu kabisa. Mimi ni mjane wa miaka sitini na saba, mtu wa kanisa, na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona makosa nyamazeni tu. Nimekaa na uongo mmoja karibu miaka thelathini. Sasa mwanangu wa kwanza anaumwa, na uongo huo ndio unaomzuia kujua anaumwa nini. Najua mtanitukana. Tukaneni, lakini someni kwanza mpaka mwisho.

Miaka ya tisini tuliishi Lodwar. Sisi si wenyeji, tulitoka upande wa Kitale kufuata kazi. Mume wangu alikuwa fundi wa maji, na kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa Kakuma akachukuliwa kule, nami nikamfuata nikauza chapati. Maji hayakutosha kambi nzima kwa wakati mmoja, basi yeye alizunguka na spana yake, anafungulia mtaa huu, anafunga, anafungulia mwingine. Zamu zote alikuwa nazo kichwani, hakuandika popote. Watu walimpenda kwa sababu hakuwa na upendeleo.

Alipofika miaka arobaini na tatu akaanza kukosea. Mtaa mmoja aliufungulia siku mbili mfululizo, mwingine ukabaki mkavu. Nilikuwepo siku mama mmoja wa Sudani alipomtupia jerikeni tupu miguuni. "Mzee, jana wewe fungua kwa hawa, leo kwa hawa tena! Watoto ya mimi kunywa nini?" Mume wangu akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama watoto, kwani leo ni siku gani?" Nikacheka, nikidhani ananitania. Nilicheka, jamani, na kicheko hicho kinaniuma mpaka leo.

Watu wakasema amehongwa. Msimamizi wake akaniita kando: "Mama, huyu mzee ako na shida gani? Anakunywa?" Jibu alinipa mwenyewe. Pale kazini mlevi alipewa barua ya onyo tu, lakini mtu wa kichwa kibovu alirudishwa kwao siku hiyohiyo. Nikasema ndiyo, anakunywa. Na mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, pombe hajawahi hata kuonja! Ili waniamini, kila asubuhi nilimmwagia chang'aa kidogo kwenye kola ya shati. Alikuwa akinusa, ananiuliza ni nini. Namwambia ni dawa ya mbu. Ananishukuru, anaenda kazini.

Onyo la tatu lilipopita alifukuzwa, tukarudi Lodwar. Nilimpeleka kwa daktari Eldoret. Huyo alikaa naye muda mrefu, kisha akaniambia ni ugonjwa wa ubongo unaoitwa Alzheimer, wa kusahau, ambao kwa kawaida ni wa wazee lakini wachache huwashika mapema. Akauliza kama baba mkwe alikuwa hivi. Nikakumbuka nilivyosimuliwa: baba mkwe alipotea njia ya shamba lake mwenyewe kabla hajafika hamsini, akafungwa kamba nyumbani mpaka akafa. Daktari akasema basi huenda uko kwenye damu ya ukoo, na dawa ya kuuponya hakuna.

Nilipomweleza kaka ya mume wangu, alifunga mlango kwanza. "Shemeji, binti zako wataolewa na nani? Wakwe wakija kuuliza habari za ukoo, ulevi tutauelezea. Wazimu hatutaweza." Kwetu ni hivyo hata leo, kabla ya mahari kuzungumzwa, upande wa pili hutuma watu kuchunguza kama nyumba ina wazimu. Nikakubali. Watoto nao nikawaambia shida ya baba yenu ni pombe.

Mchana mmoja nilitoka kwenda sokoni, kurudi hayupo. Tulimtafuta siku mbili. Mama mmoja mfugaji ndiye aliyetuonyesha alipolala, kando ya barabara ya Kakuma. "Ejok, mama," alinisalimia, akashindwa kunitazama. "Jana mimi napatia huyu mzee maziwa. Anakataa kukaa. Anasema watu wanangoja maji, yeye amechelewa." Jua na kiu ndivyo vilivyomuua.

Kaburini mwanangu wa kwanza, akiwa na miaka kumi na saba, alikataa kutupa udongo. "Mimi siziki mlevi," alisema mbele ya watu wote. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale pale, nikanyamaza.

Mwanangu huyo sasa ana miaka arobaini na tano. Ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Lokichoggio. Pombe hagusi, kwa kumchukia baba yake. Lakini mwaka huu ameshusha mzigo mahali si pake mara mbili, mkewe analalamika kwamba hamsikilizi, na tajiri wake anasema anakunywa kwa siri. Wakati huohuo binti yake anaposwa, na wazee wa upande wa pili wanakuja mwezi ujao. Nikisema ukweli, posa itavunjika na yule msichana atajua kinachoweza kumngoja na yeye. Nikinyamaza, baba yake ataendelea kushika usukani mpaka aue watu au ajiue mwenyewe.

Juzi alikuja kwangu, akaketi jikoni. "Mama, niambie ukweli. Baba alianza hivi?"

Nikamwambia hapana, baba yako alikuwa mlevi tu.

Akashusha pumzi, akatabasamu. "Asante Mungu. Basi mimi ni uchovu." Nikamtilia chai, akanywa, tukaongea habari za mvua. Hata kikombe hakijaisha akaweka mkono wake juu ya wangu. "Mama, niambie ukweli. Baba alianza hivi?"

Nikamjibu vilevile. Akashusha pumzi vilevile.

Jumapili anarudi, na najua ataniuliza tena. Ndugu zangu, nishaurini. Nimjibu nini?