Kikazio cha Mashua ya Kaka

Kwa muda mrefu nilisema sikuuona ule ufa. Nilimwambia kaka, nikamwambia wifi, nikamwambia hata mchungaji. Niliuona. Ulikuwa mwembamba kama unywele, umezunguka nusu ya shingo ya chuma, na ndani yake kutu ilikuwa nyekundu. Nilivaa na miwani.

Chuma chenyewe kilikuwa kikazio, kipande cha urefu wa kiganja chenye nyuzi za skrubu ncha zote mbili. Ukikizungusha, waya unaoshikilia mlingoti wa mashua unakaza. Kikikatika, mlingoti hauna tena sababu ya kusimama. Haya kaka alinieleza mara nne kwa simu, polepole, kama anafundisha darasa la kwanza, ingawa mwenye digrii mbili ni mimi.

Tumekulia Usoke, kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, ambako maji mengi tuliyoyajua ni ya mvua kwenye mitaro ya reli. Kaka alipostaafu ualimu huko Kigoma akanunua mashua ya tanga kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Watu wa Ujiji walimcheka: Mnyamwezi na ziwa, wapi na wapi! Akajifunza kila kamba. Lakini kwenye chuma hakumwamini fundi yeyote ila wa Tabora. Kigoma wako mafundi wa meli. Yeye akakifunga kikazio kilichochakaa ndani ya soksi na kumpa jirani aliyekuwa anapanda treni, aniletee mimi hapa Tabora, nami nimpelekee mzee anayechonga skrubu za mashine za kufungia tumbaku.

"Achonge kingine kama hicho," aliagiza. "Asikarabati. Nataka kipya."

Niliiweka soksi kwenye droo ya jikoni, ikakaa wiki tatu. Nilikuwa naandika makala kuhusu wapagazi waliobeba mizigo mabegani kutoka hapa mpaka ziwani, nikiwasifu kwa uaminifu wao. Kaka akapiga simu Jumatatu. Jumamosi wanaondoka, yeye na wifi, kwenda kwa mashua kwenye kipaimara cha mjukuu, kijiji cha kaskazini. Kikazio kiwe kwenye treni ya keshokutwa.

"Kipo tayari," nilisema, na soksi bado iko chini ya vijiko.

Fundi alikigonga kwa nyundo ndogo, akatega sikio.

"Chuma kizima kinaimba, mama. Hiki kinakohoa."

"Kichomelee."

"Nikuchongee kipya. Nipe siku kumi nipate chuma chake."

"Sina siku kumi."

"Kwani kilikuwa wapi siku zote?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Nitachomelea," alisema, "ila mwenye mashua umwambie. Hiki ni cha kufungia mbuzi."

"Nitamwambia."

Alichomelea, akasaga, akapaka rangi ya silva, kwa sababu Tabora kitu kikitoka kwa fundi bila kung'aa mwenyewe hujiona ameibiwa. Ufa ukatoweka. Nilifarijika kweli, kana kwamba ni rangi iliyouponya.

Ijumaa alasiri kaka akapiga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu! Nimeshakifunga. Kinang'aa mpaka wavuvi wanauliza. Nimewaambia huo ni mkono wa Tabora!"

Nyuma ya sauti yake nyaya zilikuwa zinaugongagonga mlingoti, bila kupumzika.

"Huo upepo?"

"Unatoka kusini. Utatusukuma mpaka mlangoni kwa kanisa."

"Kaka..."

"Nini?"

Pale ndipo palikuwa pa kusema.

"Mvae majaketi ya kuokolea."

Alicheka, akageuka kupaza sauti: "Msomi wa nchi kavu anasema tuvae majaketi!"

"Mwambie langu nimelivaa tangu jana," wifi alijibu kwa mbali. "Siwaamini nyinyi wawili!"

Jumamosi upepo ulifika hata kwetu. Vumbi jekundu lilipita chini ya mlango, na bati la jirani liliinuka na kushuka, likiinuka na kushuka, mpaka nikatamani ling'oke tu. Nilipiga simu saa nne, saa sita, saa nane. Haipatikani. Niliandika ujumbe: msitumie kile kikazio, kimechomelewa. Nikaufuta. Nilijiambia ataupata akiwa ameshafika salama, nami nitakuwa nimejiumbua bure. Nikiwafundisha vijana, hoja ya namna hiyo ningeipa alama nzuri.

Jumapili sikwenda ibadani. Nilikaa jikoni nikichambua mchele ambao tayari nilikuwa nimeuchambua. Karibu na adhuhuri ikaingia simu kwa namba nisiyoijua.

"Ni mimi," alisema kaka. "Simu zetu zimezama. Tuko zahanati, wavuvi ndio waliotutoa. Mlingoti umeanguka, mdogo wangu. Umempiga wifi yako begani, limevunjika. Lakini anaongea. Anamtukana kila mtu."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha, kabla sijauliza wifi anaumwa kiasi gani, kabla sijauliza yeye mwenyewe yukoje, mdomo wangu ukatangulia.

"Kilikatikia wapi?"

"Nini?"

"Kikazio."

Nilimsikia muuguzi akiita jina la mgonjwa mwingine.

"Mimi nimesema mlingoti," alisema kaka. "Kikazio sijakitaja."