Ubao wa Malengo

Shemeji yangu ni seremala. Milango ya mtaa mzima imetoka mikononi mwake, isipokuwa wa nyumba yake. Pale pananing'inia pazia, mwaka wa tisa sasa.

Msimwite mvivu, jamani, shemeji ana malengo! Kila Januari anaranda ubao mpya, anaupiga msasa, anaupaka vanishi, kisha anachomoa penseli sikioni na kuandika atakayotimiza mwaka huo. La kwanza ni lile lile: "Mlango wa nyumba." Yasiyotimia yanahamia ubao wa mwaka unaofuata, kwa hiyo ubao unazidi kurefuka na kupanuka. Haba na haba hujaza kibaba.

Wa mwaka huu umemfika kidevuni. Aliusimamisha sebuleni, akatuita tuusome.

"Mtu asiye na malengo," akatuhubiria, "ni sawa na nyumba isiyo na..."

Upepo ukaingia, pazia likamfunika uso.

Dada yangu, mkewe, akachukua futi. Akapima ubao, akaenda akapima mlangoni, akarudi.

"Baba watoto," akasema kwa upole, "ongeza malengo mawili tu, utaenea. Bawaba nitatafuta mwenyewe."