Chokaa ya Shangazi Zenobia

Shangazi yangu Zenobia Pettiford alikuwa mwashi, na Virginia nzima sijaona mwiko uliomtii mtu kama wake. Kila Novemba kanisa letu lilipochoma chaza, alipita mezani na ndoo. "Kuleni, kuleni, lakini maganda ni yangu!" Aliyachoma tanurini akapata chokaa, kama ukoo wetu ulivyofanya tangu enzi za Isham, babu wa mababu zetu, mtumwa aliyeijenga nyumba ya bwana wake, Thornley.

Ipo hadi leo kilimani, ikiwa makumbusho: matofali ya udongo wa shamba lilelile, dohani mbili, na ukumbi uliopasua nyumba katikati ili upepo wa mtoni uingie mlango huu utokee ule. Ina miaka mia mbili na ushei. Waliotembeza wageni walimtaja Bwana Thornley tu, na jambo hilo lilimuuma shangazi kuliko magoti yake.

Mwaka wa themanini na mbili kuta zilihitaji kujazwa upya katikati ya matofali. Whitlock, mwenyekiti wa kamati ya nyumba, alitaka saruji.

"Tofali hilo ni laini, bwana. Utaliua," shangazi alimwambia.

"Lakini saruji ni ngumu kuliko chokaa, Bibi Pettiford."

"Ndiyo shida yenyewe. Maji yakiingia ukutani, yatatokea wapi?"

Akachukua mwiko wake akaenda zake. Wakajaza saruji ukuta wa kaskazini. Baridi ikaja, maji yaliyonaswa ndani yakaganda, na kufikia Machi nyuso za matofali zilikuwa zinabambuka na kumwagika majanini.

Whitlock akaja barazani kwetu, kofia mkononi.

"Nitakuja," shangazi alisema. "Ila mlangoni mtaandika nani aliijenga."

"Tutaandika kwamba watumwa walisaidia."

"Walisaidia?" Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo Thornley wako alibeba tofali lipi? Nionyeshe moja tu, kazi nakufanyia bure!"

Whitlock akatoa kalamu, akauliza aandike jina la nani.

Kiangazi chote shangazi alikwangua saruji kwa patasi, akajaza chokaa ya chaza zetu. Siku ya ufunguzi nilimshika mkono kupanda ngazi. Kibao kilisema: *Nyumba hii ilijengwa na Isham, mwashi.* Nililia, wala sioni haya kusema.

Yeye hakulia. Alikisoma mara mbili, akaingia, akavuta kiti ambacho wageni hukatazwa kukigusa, akaketi katikati ya ukumbi, upepo wa mtoni ukimpiga usoni.

"Haya, Whitlock," akasema, "niletee maji. Niko kwetu."