Bi Mizani na Simu ya Kliniki

Hebu vuta picha, msomaji wangu, anavyoingia: mwanamke mfupi wa miaka hamsini na ushei, viatu vya raba vyeupe, mkoba begani, na simu ya kliniki kaishika kama mtu aliyebeba yai. Hamsalimii mtu mpaka kwanza aifute mizani kwa kitambaa. Ndiyo maana wote, hadi mganga mkuu, wanamwita Bi Mizani.

Ni nesi wa chumba namba tatu, chumba cha vijana. Siku za karibuni alikuwa akiwapokea watoto wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, uzito umewazidi, wanahema kwa ngazi tatu tu za mlangoni. Ukiwashauri wanatazama viatu vyao, na wakitoka hawarudi. Ndipo akaomba simu.

"Uso kwa uso wanaona haya," alimwambia mganga mkuu. "Niache niwaandikie."

Mganga mkuu si mtu mbaya, ila anapenda ushahidi. "Nakupa miezi minne. Una vijana ishirini. Siku ya kupima nataka kumi na wawili ambao uzito haujapanda. Wakipungua hapo, simu inarudi stoo na mpango ndio basi."

Basi kila saa kumi jioni, shule zikishatoka, Bi Mizani alikaa na simu yake. Hakuhubiri. Aliandika, "Rafiki, leo maji au soda?" Kesho yake, "Rafiki, kula taratibu, chakula hakikimbii." Siku nyingine, "Rafiki, leo umetembea au umeruka kamba?"

Wengi walikaa kimya. Namba moja tu ilijibu kila siku, ya binti ambaye wenzake shuleni walimbandika jina la Pipa, na ambaye siku ya kwanza alilia juu ya mizani. "Maji, nesi! Soda leo siku ya tatu sijaigusa." "Leo nimepanda mpaka ghorofa ya nne na ndoo kichwani, sikupumzika." Siku moja ikaja hii: "Nesi, magoti yanalia, na umri huu jamani!" Bi Mizani akacheka peke yake. Watoto wa sasa kwa utani!

Siku ya kupima ikafika. Mganga mkuu akasimama mlangoni na kalamu yake. Wa kwanza kuingia walikuwa Pipa na mama yake. Mama akavua kandambili na kupanda mizani.

"Shuka, mama. Anapimwa binti."

"Binti? Si mimi uliyekuwa ukiniandikia?"

Bi Mizani akamgeukia Pipa. "Ile namba ni ya nani?"

"Ya mama. Mimi sina simu, nesi. Fomu ilitaka namba, nikaandika."

"Nami nikadhani ni kwa sababu ya ile presha yangu ya mwaka jana," mama akasema. "Nikasema, loo, leo kliniki imenikumbuka!"

Bi Mizani akavuta kiti, akakaa. Miezi minne, na hakuwahi kuuliza simu ni ya nani! Ina maana wangapi wengine waliandika namba za wazazi?

"Kwa hiyo huyu mtoto hajasoma hata ujumbe mmoja?" mganga mkuu akauliza.

"Hata mmoja, daktari," Pipa akajibu. "Lakini soda nyumbani siku hizi haiingii. Na jioni mama ananiburuta tukatembee, eti peke yake anaona haya."

"Panda," Bi Mizani akasema.

Kilo moja pungufu. Kimo kimeongezeka sentimita tatu.

"Rudia," akasema mganga mkuu. Akarudia. Vilevile.

Basi wakaanza kumiminika. Mmoja kaja na bibi yake, aliyekuwa akijibizana na zile jumbe kwa mdomo bila kuandika neno. Mwingine kaja na baba yake, fundi viatu, ambaye kwa miezi minne alikuwa akiruka kamba nyuma ya kibanda chake, mwanawe akimhesabia mpaka naye akaingia kwenye kamba. Ilipofika saa sita, vijana kumi na watatu uzito wao haukuwa umepanda.

Mganga mkuu akahesabu mara mbili, akachomeka kalamu mfukoni. "Simu ibaki," akasema, na mara akacheka mpaka miwani ikamtelemka. "Bi Mizani, umekosea vizuri!" Benchi zima likapiga makofi, na Pipa alipiga kuliko wote.

Mama yake akamsogelea nesi. "Sasa kapata simu, mjomba wake kampa ya zamani. Mwandikie yeye. Mgonjwa wako ni yeye."

"Hapana, nesi," Pipa akadakia. "Ukiniandikia mimi nitaona nasemwa. Mwandikie mama. Mama akitembea, na mimi natembea."

Bi Mizani akawatazama wote wawili, kidole kikiwa juu ya simu. Ungekuwa wewe, msomaji wangu, ujumbe wa kesho ungempelekea nani?