Mchanga wa Mkurumuji

Teresa alikuwa na sababu zake za kuupenda mchanga wa ufukweni, na hakuna hata moja iliyohusu samaki. Mchanga ule ulikuwa karibu, basi. Unatoka jikoni, unapita bustani, unasukuma kilango cha mbao, unajaza ndoo, umerudi. Mchanga mwingine wowote ulikuwa nje ya geti kubwa la hoteli, na nje ya geti kubwa Teresa hakuwa amekanyaga tangu Agosti ya mwaka uliopita.

Msimcheke. Mwaka ule wa tisini na saba, vurugu zilipoanzia Likoni zikashuka huku kusini na watu wa bara wakaambiwa warudi kwao, nyumba waliyopanga Ukunda ilitiwa moto. Yeye, mumewe Austine na binti yao Gillian wakakimbilia hoteli ya Diani ambako Teresa alikuwa akifanya usafi. Hali ilipotulia Austine akamchukua mtoto, akarudi naye Busia. Teresa akabaki, maana karo ya Gillian ilitoka kwenye mshahara wake, na meneja, Bwana Thoya, akampa kachumba nyuma ya jiko la wafanyakazi. Baadaye watu walirudi Ukunda, maduka yakafunguliwa, Kona ya Musa ikajaa kelele zake za kawaida. Teresa hakutoka. Sabuni aliagiza, dawa aliagiza, hata kanisani aliagiza aombewe! Usiku alisikiliza geti likifungwa ndipo akapata usingizi.

Lakini kachumba kile kilikwenda na kazi ya kutunza tangi la samaki. Lilikuwa pale mapokezi, kioo toka ukuta huu hadi ule, maji matamu tupu, na ndani yake vijisamaki vyembamba vyenye mstari wa buluu ubavuni, vilivyosafirishwa kutoka Nairobi kwa mifuko. Wenye hoteli, ambao walikaa Ulaya, walilipenda tangi lile pengine kuliko hoteli yenyewe. Basi mwanzoni mwa tisini na nane, mvua za El Nino zimeharibu barabara, wageni hakuna, wafanyakazi wanapunguzwa, Bwana Thoya akamwita.

"Mama Gillian, changarawe hizi za rangi zimeanza kunuka. Zitoe utie mchanga safi, samaki wapendeze. Samaki wakiwepo, nawe upo. Wakifa sitakuwa na la kuwaambia wenyewe, na kile chumba itabidi ukiachie."

"Sawa, bosi," Teresa akasema.

Akateka mchanga wa ufukweni, mweupe kama unga. Akauchekecha kwa wavu wa dirisha, kisha akauosha kwa maji ya bomba, beseni baada ya beseni, akiuvuruga kwa mkono na kumwaga maji yaliyochafuka. Kila akimaliza beseni aliziweka chembe mbili tatu ulimini. Bado chumvi. Anaosha tena. Akaendelea hivyo mpaka ulimi ukawa hausikii kitu, akaona amefaulu. Kosa lenyewe lilikuwa hapo, nalo ni kosa la mtu wa bara aliyeambiwa kwamba bahari haina ubaya ila chumvi yake. Akautandaza mchanga tangini, akajaza maji, akawarudisha samaki. Loo, ulivyong'aa! Bwana Thoya alisimama akausifu.

Haikupita wiki samaki wakaanza kuhema juu juu, rangi zimewatoka. Asubuhi moja akakuta kadhaa wanaelea. Akawaokota haraka akawafunga kwenye gazeti, akachota na mchanga kidogo, akaingia chumba cha kufulia kwa Mwanaima, mama wa kijiji cha Kinondo aliyefua mashuka ya hoteli na ambaye ndiye aliyemletea sabuni na dawa miezi yote ile.

"Dada, nimeuosha mpaka hauna chumvi kabisa. Onja mwenyewe!"

Mwanaima hakuonja. Alichukua ndimu aliyokuwa ametengea samaki wake wa mchana, akaikata, akaukamulia mchanga ule kiganjani. Ukachemka povu, ukitoa sauti ndogo ya kukaanga.

"Waona? Babangu alichoma chokaa Kinondo mpaka akazeeka, na chokaa hutoka kwenye matumbawe. Mchanga huu nao ni matumbawe, bahari imeyasaga tu. Uoshe hadi kiama, shoga yangu, chumvi itatoka, chokaa haitoki. Umewatia samaki wa watu kwenye chokaa."

"Sasa nifanyeje?"

"Utafute mchanga wa mtoni. Mto Mkurumuji umejaa mchanga, mvua imeuteremsha toka milimani huko."

"Niletee, dada. Gunia moja tu."

Mwanaima akajifuta mikono kwenye leso. "Sabuni nimekuletea. Dawa nimekuletea. Mchanga sileti. Nitakupeleka."

Teresa alikasirika, tena sana. Akatoka zake. Akazunguka ua wa hoteli ndoo mkononi, akachimba nyuma ya stoo, akachimba chini ya matangi ya maji, kila anachochimbua anakikamulia ndimu na kila mara povu. Ardhi yote ile ilikuwa matumbawe. Jioni samaki wengine wawili walikuwa wamelala ubavu, na mwanamke akaelewa alivyobanwa: ili abaki ndani, lazima atoke nje. Alilia hapo hapo, mbele ya kioo, kwa sauti.

Kesho yake akamwendea Mwanaima, wakafika getini pamoja. Mlinzi alikuwa Mzee Kahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo?"

"Leo," Teresa akasema. Mwanaima akamshika mkono kwa nguvu, akaanza kumsimulia upuuzi wa jirani yake na kuku, bila kituo, ili asipate nafasi ya kugeuka. Pale Kona ya Musa Teresa hakutazama kitu ila maua ya leso ya mwenziwe. Mara nyuma yake sauti ikaita, "Mama Gillian!" Akamng'ang'ania Mwanaima. Alikuwa muuza mahamri waliyekuwa wakinunua kwake enzi zile.

"Hee! Si tulijua umekwenda kwenu moja kwa moja? Na umekonda hivi! Mtoto hajambo?" Akamfungia mahamri ya moto, akakataa kulipwa. Teresa akala akitembea, machozi yakimtoka, na hakuyaficha.

Wakapanda matatu ya kwenda kusini, wakashuka penye daraja la Mkurumuji. Maji yalikuwa yamepungua na kwenye kona ya mto pamebaki fungu refu la mchanga wa rangi ya sukari guru. Juu ulikuwa tope na majani. Teresa akavua viatu, akaukwangua, akafukua chini. Akaukamulia ndimu. Kimya. Akaukamulia tena, akaweka sikio, kimya kabisa! Sasa akaanza kuchagua kweli kweli. Ule laini mno aliuacha, maana kiganjani majini ulielea kama vumbi. Wa chembe kubwa aliuacha pia, uchafu wa samaki ungejificha humo. Aliouchukua ni ule uliozama mara moja, akausugua kwenye ngozi ya mkono kuhakikisha haukwaruzi. Alikuwa majini hadi magotini, anacheka na kumrushia Mwanaima maji, ndipo akashtuka kwamba tangu waliposhuka hakuwa ameangalia nyuma hata mara moja.

"Nyumbani kwangu chumba cha uani ni kitupu tangu Yusra wangu aolewe," Mwanaima akasema. "Njoo ukae. Asubuhi tutakwenda pamoja kazini na jioni tutarudi, kama watu."

"Nitafikiri, dada."

Wakarudi hotelini na gunia lao, naye akafikiri huku akiosha. Mchanga wa mto una kazi: maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili mekundu, mizizi na vipande vya kamba vikielea juu, akamimina, akavuruga, akamimina, mpaka akaweza kuiona michirizi ya kiganja chake chini ya beseni. Akautandaza ukiwa mbichi, kina cha kidole, nyuma ukipanda kidogo na mbele ukishuka ili uchafu ukusanyike karibu na kioo. Akaweka sahani juu yake na kumwagia maji taratibu kwenye sahani, mchanga usitibuke. Maji yenyewe alikuwa ameyaacha wazi kwenye mapipa ili dawa inayotiwa maji ya bomba itoke. Akangoja yatulie, akawatia samaki waliosalia.

Wakapona. Rangi zikawarudia, wakawa wanachimbua mchanga kwa midomo, jambo ambalo hakuwahi kuwaona wakifanya. Na Teresa akiwa anawatazama akajua jibu lake. Atahamia Kinondo. Akajikuta anakunja nguo zake jioni ile, anaimba. Alitaka tu kumwambia meneja kwanza, kwa adabu.

Bwana Thoya akamtangulia. Alikuja mbio mbio pale mapokezi, uso wote furaha.

"Mama Gillian, umeokoka! Hoteli inafungwa mpaka wageni warudi, huenda Desemba, huenda mwakani. Wote wanakwenda nyumbani bila mshahara, hata mimi nahamia Malindi. Nimewaambia wenyewe jinsi ulivyowafufua samaki, wakasema wewe peke yako ubaki, kwa mshahara ule ule. Utalala humu ndani, usilitupe tangi mkono mchana wala usiku. Geti litafungwa kwa nje, chakula utaletewa. Hakuna mtu wa kukugusa."

Teresa alishika ukingo wa kioo. "Na nikitaka kutoka, bosi?"

Bwana Thoya akacheka, tena kwa wema, maana hoteli nzima ilimjua. "Wewe? Utoke uende wapi?"

Kinondo. Neno lilikuwa mdomoni, tayari, limebaki kutamkwa. Akamfikiria Gillian na karo ya shule.

"Ahsante, bosi," akasema.