Chetezo cha Bi Mgeni

Zamani Kariakoo ulitembea kwa pua. Mtaa huu vitumbua, ule ngozi mbichi, pale kona yasmini ya mwali, na upepo wa pwani ulipita juu ya mabati bila kumwomba mtu ruhusa. Siku hizi upepo ukifika Msimbazi unakuta maghorofa yamejipanga kama wakusanya ushuru, unarudi ulikotoka. Moshi tu ndio mwenyeji.

Katikati ya maghorofa hayo ilibaki nyumba moja ya vyumba sita na uwani, mali ya Bi Mgeni binti Sadalla, mjane mwenye ulimi mrefu kuliko mtaa wake. Alikataa kuuza. Dalali aliyebisha hodi alimwagiwa maji ya vyombo, akaambiwa aende akauze kaburi la babu yake. Aliishi na mjukuu wake Husna wa darasa la pili, kwa kuwa shule ilikuwa karibu. Wazazi wa mtoto, Abbasi na mkewe Winifrida, walikaa Kimara.

Husna alikuwa na pumu. Winifrida, Mchaga asiyejua kuzungusha maneno, alikwisha kusema kabla ya kwenda kwao kwa Krismasi: "Mama, nakuheshimu. Lakini nikirudi nikamkuta kifua bado kinapiga filimbi, namchukua."

"Chukua na mlango," Bi Mgeni alijibu. Siku ile hakula. Nyumba isiyo na mtoto ilikuwa na tofauti gani na ghala?

Vita alikuwa amevianza zamani. Dirisha la barabarani alilitundikia khanga iliyolowa, inase vumbi. Asubuhi alinyunyiza maji uwani kabla ya kufagia, kama mama yake, si kama wanawake wa leo wanaotimua vumbi likawarudia kwenye chai. Akanunua jiko la gesi, akalitukana, akalipikia. Mkaa ukabaki wa chetezo tu. Maana daktari wa zahanati alimwambia, "Bibi, humo ndani kuna hewa mbaya, isafishe," naye hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kwao hewa mbaya ilikuwa na dawa tangu enzi za mabibi: udi na ubani, asubuhi na magharibi, milango imefungwa ili moshi ufike mpaka uvunguni. Daktari hakuuliza, bibi hakusema.

Adui alimjua: Elimringi, muuza vitenge wa ng'ambo ya barabara. Umeme ukikatika aliwasha jenereta kwenye baraza la duka, bomba likitazama dirisha la Bi Mgeni, mwenyewe kajifunga barakoa.

"Wewe Elimringi! Pua yako umeivalisha, jenereta umeliacha uchi!"

"Mama, umeme sikuukata mimi. Na huko ndani unachoma nini? Wateja wangu wanadhani kuna harusi."

"Nachoma jina lako!"

Desemba ilipokolea, Wachaga wakapanda kwao mlimani, Elimringi naye akafunga duka akaenda Moshi. Nusu ya mtaa ikawa makufuli. Jenereta kimya. Bi Mgeni akashangilia kwa kuongeza udi.

Ndipo Husna akabanwa kuliko siku zote. Alikaa kitandani mabega yakipanda na kushuka, macho yamemtoka. Alipovuta dawa yake na pumzi ikarudi, akasema, "Bibi, jenereta limeenda Moshi. Linalonibana sasa ni la nani?"

Bi Mgeni akafungua mdomo amtukane mtu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na chetezo tu, kimekaa katikati ya chumba kinafuka kwa raha zake. Kilikuwa cha mama yake. Kilifukiza nguo zake za harusi, kikafukiza na sanda ya mumewe. Akakibeba mpaka uwani akakimwagia maji. Kikafyonya kama mke mwenza. Akafungua milango yote.

Nyumba ikawa hainuki kitu, kama benki. Bi Mgeni akawa mgeni kweli, akizunguka vyumbani asijue yuko kwa nani. Lakini Husna alilala usingizi.

Winifrida alirudi na ndizi za Moshi, na begi tupu la nguo za mtoto.

"Shikamoo, mama." Akanusa. "Mbona udi hakuna? Kuna msiba?"

"Marahaba. Upo. Msikilize mtoto."

Winifrida akaweka sikio mgongoni mwa Husna. Filimbi haikuwepo. Mara hiyohiyo umeme ukakatika; ng'ambo, Elimringi aliyerejea juzi akavuta kamba, jenereta likanguruma. Winifrida akafungua zipu ya begi.

Bi Mgeni hakungoja. Alivuka barabara na chetezo mkononi, akakibwaga juu ya vitenge.

"Nimezima langu, la mama yangu. Zima lako!"

"Mama, biashara..."

"Mkwe wangu yuko pale na begi. Akimchukua mjukuu wangu, nahamia hapa dukani. Nitalala juu ya vitenge hivi, nimtukane kila mteja kwa jina la ukoo."

Winifrida naye alikwisha kufika. Alimwambia Elimringi maneno machache ya Kichaga. Bi Mgeni hakuyaelewa, lakini aliyapenda. Jenereta likaburutwa nyuma ya ghorofa.

"Mpaka Pasaka, mama," Winifrida alisema akifunga begi likiwa tupu. "Nitakuja kusikiliza tena."

"Pasaka ni yenu. Mtoto ni wangu."

Jenereta sasa linapumulia dirisha la Jovin, muuza viatu wa mtaa wa nyuma. Juzi naye kaonekana ananunua barakoa.